Haramia Aliyenifundisha Hesabu

Mwezi huu nakuja na aibu yangu mwenyewe. Nimeporwa! Tena sikuporwa njia ya Kahama wala stendi ya Geita. Nimeporwa angani.

Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita kwa shifti, mimi niko Shinyanga mjini. Akiwa kambini, usiku tunakutana kwenye EVE Online, gemu ya anga za juu iliyotolewa mwaka 2003 na kampuni ya CCP ya Iceland. Mle unaweza kuwa askari, mfanyabiashara au haramia. Mimi mtoto wa Shinyanga nikachagua nini? Kuchimba madini, bila shaka.

Kila eneo lina namba ya usalama. Kuanzia 0.5 kwenda juu, anayekuvamia hovyo anaadhibiwa na polisi, ingawa mara nyingi wanafika umeshalipuliwa. Chini ya hapo polisi hao hawaji kabisa. Na chombo kikilipuka ndiyo basi, hakirudi.

Mume wangu akaniambia, "Mke wangu, usiende 0.3 peke yako." Nikaenda. Nilikuwa na Retriever, chombo cha kuchimbia nilichokihangaikia wiki tatu, tumbo limejaa mawe, bima sijakata. Nikainuka kwenda kuepua maharage. Kurudi, haramia ameshaninasa, chombo hakiwezi kukimbia. Dakika haikuisha, kimekuwa vipande, nami naelea kwenye kidude cha kujiokolea.

Nikampigia mume wangu karibu nalia. Akasema, "Si nilikuambia?" Jamani, maneno hayo! Nikakata simu. Tukanuniana siku mbili.

Aliyenirudishia akili ni haramia mwenyewe. Nilimtumia maneno makali, yeye akajibu kistaarabu kabisa. Kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliomo eneo lile dakika kumi kabla hajanifikia. Kwamba nilisimama tuli, badala ya kuelekeza chombo kituoni mapema ili niondoke upesi. Kwamba nilibeba mali yote kwa mkupuo mmoja. Mwisho akanipa msemo wa wachezaji wa gemu ile: usirushe chombo ambacho huwezi kumudu kukipoteza.

Msemo huo ulininyima usingizi, maana nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Rafiki wa mume wangu ana duara kule Nyarugusu, anatafuta watu wa kuchangia gharama. Mume wangu alitaka tutoe hela yote ya kiwanja. Mimi nilikataa kwa hasira, bila hoja. Anayejua machimbo anajua: unalipia magogo, pampu ya maji na chakula cha vijana, miezi inakatika, halafu mwamba unapotea. Hata mawe yakitoka, kuna mgao wa mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji.

Siku ya tatu nikampigia. Nilianza na samahani, kwa sababu kweli aliniambia. Halafu nikamsomea ujumbe wa haramia. Akanyamaza, kisha akacheka. "Kwa hiyo kiwanja ndiyo Retriever yetu?"

Ndiyo, mume wangu.

Tukapanga laki tatu, hela ambayo ikizama hatuuzi hata kijiko. Mvua zilipokolea, maji yakajaa duarani, laki tatu ikaenda. Iliuma, lakini hakuna aliyemnunia mwenzake, na kiwanja tumeshamaliza kukilipia.

Kwa hiyo wewe na mwenzio, kabla hamjatia hela mahali, ulizaneni: ikipotea yote kesho, tutaishije? Na ukishindwa, usiishie kumtukana aliyekushinda. Muulize alikuonaje, maana alikuangalia vizuri wakati wewe unaangalia mawe. Na wewe uliyeonya ukawa sahihi, tafadhali meza hiyo "si nilikuambia". Mwenzio anajua tayari.

Mimi nimeshanunua chombo kingine, cha bei chee. Siku hizi maharage naepua kwanza.

Tukutane mwezi ujao!