Njia ya Ukurugenzi Yaanzia Shambani

Vijana wetu wengi hudhani kwamba ukurugenzi wa kampuni ni cheo cha wakubwa wa Nairobi. Hawajatazama karibu. Viwanda vya majani chai vya Mungania na Rukuriri huko Embu, na vya Githongo na Kionyo huko Meru, ni kampuni za wakulima, na wakulima ndio wanaowachagua wakurugenzi.

Anayekitaka kiti hicho sharti apeleke majani kiwandani, awe na hisa, kisha aombe kura. Lakini kura ihesabiwe vipi? Ikifuata hisa, mwenye shamba kubwa hunena na mdogo husikiliza. Ikifuata vichwa, wote ni sawa. Mabishano hayo yalipamba moto baada ya Sheria ya Chai ya 2020.

Mimi naona kuna jambo zito zaidi. Akina mama na vijana huchuma majani tangu alfajiri, ilhali mara nyingi hisa zimeandikwa kwa jina la baba. Asiye na jina daftarini atagombeaje? Wazazi, gaweni hisa mapema. Walimu, wafundisheni wanafunzi kusoma hesabu za kampuni. Bonasi ikipungua, manung'uniko ya sokoni hayamtikisi mkurugenzi. Humtikisa mwanahisa mwenye kura na ujuzi.