Mvua si mkosaji peke yake: bila haki ya ardhi, vilima vya Kivu Kusini havitapona

Mwezi wa tisa unapokaribia, wakulima wa Kabare, Walungu na Kalehe wanaangalia mbingu. Zamani walijua wakati wa kupanda maharagi. Leo mvua inachelewa, kisha inashuka kwa nguvu na kubeba mbegu pamoja na udongo.

Wengi wanalaumu mbingu tu. Lakini tukumbuke tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua kubwa ilijaza mito ya Kalehe, matope na mawe vikafunika Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mvua ilikuwa kali, ni kweli. Ila ilikuta vilima ambavyo miti yake ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mashamba na makala. Makala hayo yanapikia chakula hapa Bukavu, ambako umeme unakatika kila mara.

Kila mara mkulima anaambiwa apande miti. Wanaomwambia hivyo husahau jambo moja: shamba ni la nani? Katika Bushi, familia nyingi zinalima kwa bwasa, yaani zinakodi shamba kwa msimu au mwaka. Mwenye kukodi kwa bwasa haruhusiwi kupanda mti wala zao la kudumu. Atachimbaje mitaro ya kuzuia maji katika shamba atakalonyang'anywa kesho? Analima haraka, anavuna, anaondoka. Udongo unabaki wazi.

Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuchimba mitaro hiyo. Baada ya uhuru wa 1960, wengi waliiacha, kwa sababu ilikuwa kazi ya fimbo. Leo haihitajiki fimbo, inahitajika haki. Wami, wenye mashamba na serikali ya jimbo wakubaliane kwamba anayekodi shamba la mteremko apewe miaka kadhaa, na aruhusiwe kupanda matete kandokando ya mitaro. Matete yanashika udongo, na pia ni chakula cha ng'ombe na mbuzi. Mwenye shamba naye atarudishiwa ardhi yenye rutuba, si mawe matupu.

Kuna watakaosema vita kwanza viishe. Lakini mvua haingojei amani. Mazungumzo hayo yanaweza kuanza katika kila kijiji, kabla ya msimu ujao wa kupanda.