Aibu Hii ni Yetu

Kuna mambo ambayo mzee wa umri wangu hatarajiwi kuyaandika, na choo ni mojawapo. Lugha yetu yenyewe imekizungushia uzio: tunakwenda msalani, tunakwenda haja, tunatoka kidogo, tunajisaidia. Adabu hiyo ni nzuri, na nimeifundisha kwa miaka zaidi ya thelathini. Lakini nimefika mahali pa kuona kwamba adabu hiyohiyo imetumika kufunika dhuluma, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Kwa hiyo leo nitakiita choo choo, na msomaji atanivumilia.

Nianze na nyonga yangu. Miaka miwili iliyopita niliteleza uani alfajiri, ndara miguuni na kopo mkononi, nikavunjika nyonga ya kushoto. Nilipasuliwa na kuwekewa kichwa cha nyonga cha bandia. Siku ya kuruhusiwa, daktari alinikataza jambo moja kwa ukali: nisichuchumae wala nisikae mahali pa chini, kwa kuwa nyonga mpya ikikunjwa kupita kiasi huweza kuchomoka. Nilimwitikia kama mwanafunzi mtiifu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba nyumba yangu, niliyoijenga kwa akiba ya utumishi wangu wote, ina choo kimoja tu. Nacho ni cha kuchuchumaa, kiko uani, na kukiingia lazima upande ngazi mbili.

Siku ya kwanza mwanangu alinibeba. Siku ya tatu mwanangu alikuwa kazini, na aliyekuwapo nyumbani ni mkewe. Sitaeleza zaidi. Waliolelewa katika mila kama zangu wanajua maana ya baba mkwe kushikwa chooni na mke wa mwanawe. Mama yule, ambaye hata chakula alikuwa akiniandalia na kuondoka, alifanya alichopaswa kufanya huku ameutazama ukuta. Tangu siku hiyo nilipunguza kula. Nikaacha chai ya jioni, kisha nikaacha na maji ya usiku. Nilidhani nimebuni mbinu yangu mwenyewe, mpaka usiku mmoja nikamkumbuka kijana mmoja.

Ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nasi tukapokea mwanachuo ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni, akitembea kwa magongo mawili. Darasani alikuwa hodari, na katika mazoezi ya kufundisha watoto walimpenda. Vyoo vyetu vilikuwa vya shimo, nyuma ya mabweni, vimeinuliwa kwa ngazi tatu kwa sababu katika ardhi ile maji yako karibu. Ujenzi wake niliusaini mimi. Siku moja mlezi wa wanachuo akaniletea habari kwamba kijana yule hali chakula cha jioni wala hanywi uji wa asubuhi. Nikamwita ofisini. Akanieleza kwa heshima na kwa sauti ndogo kwamba ili ajisaidie hana budi kuyaacha magongo nje, kupanda ngazi kwa mikono, kisha kuegemea kwa viganja vyake sakafu ileile ambayo wenzake wameikanyaga na kuilowesha. Aliomba vitu viwili tu: kiti cha mbao chenye tundu, na bomba la chuma ukutani la kushikia. Nilimjibu kwamba chuo hakina fungu la kazi hiyo, na kwamba uvumilivu ndio somo la kwanza la mwalimu.

Muhula wa pili hakurudi. Katika jalada lake niliandika neno moja: mtoro.

Nayaeleza haya kwa sababu nimechoka kuwasikia wakubwa wa taasisi wakisema kwamba walikuwa hawajui. Mimi nilijua. Niliambiwa ana kwa ana, katika ofisi yangu, na mtu aliyesimama mbele yangu kwa magongo, nami sikumpa hata kiti.

Kizazi chetu hakikupuuza vyoo. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, niliongoza kikundi cha kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vile nchi nzima. Tuliyasikiliza masomo, tukajadiliana, kisha tukashika majembe tukachimba. Ninajivunia kazi ile hata leo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, ikaja kampeni nyingine iliyotuambia kwamba nyumba ni choo, nayo ilisema kweli. Lakini tangu enzi za majembe yetu kuna kosa moja tunalolirithishana. Tunahesabu mashimo, hatuwahesabu wanaoweza kuyatumia. Katika kijiji chetu kila kaya ilipata choo, na katika kaya hizo walikuwamo bibi vizee waliokuwa wakijisaidia nyuma ya migomba kwa sababu magoti yao yalikwisha kukataa kukunjika. Katika daftari langu kaya zao zilipata alama ya vema.

Sheria nazo hatukuzikosa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo ya umma yafikike na yatumike na watu wote. Kwa karatasi tumefaulu. Sasa msomaji anifuate mpaka kliniki nilikokwenda kwa marudio ya nyonga yangu. Nilikuta mlango wenye picha ya kiti cha magurudumu, nikafurahi. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mhudumu, na mhudumu alikuwa amekwenda kunywa chai. Aliporejea na kufungua, nikakuta ndoo, mafagio na meza iliyovunjika mguu. Chuma cha kushikia kilikuwapo kweli, kimeanikiwa matambara ya deki. Mhudumu akaniambia bila kusita, "Mzee, hiki hakitumiki, ndiyo maana tumekifanya stoo." Kingetumikaje, nacho kimefungwa?

Sasa niwajibu wale ambao najua watanipinga, maana hoja zao nilizitumia mimi mwenyewe.

Wa kwanza atasema vitu hivi ni anasa za Wazungu. Mimi nilikwenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu. Alinitengenezea kiti imara cha mbao chenye tundu, kisicho na kitako cha chini, nikakiweka juu ya choo kilekile cha kuchuchumaa. Fundi wa kuchomelea akanikatia mabomba mawili ya chuma. Vyote kwa pamoja, na ufundi wake, havikufikia bei ya mbuzi wa sikukuu. Ngazi mbili zile mwashi alizifukia akaweka mteremko wa saruji. Kazi yote ilichukua siku mbili. Anasa hasa ni ile tunayoijenga kila siku bila kuulizana: vigae vya sakafu vinavyong'aa na kuteleza, ambavyo mzee akivikanyaga vikiwa na maji anakwenda na maji.

Wa pili atasema sisi Waafrika tuna watoto na wajukuu, hatuhitaji vyuma. Huyu ndiye anayenikera kuliko wote, kwa kuwa anavaa joho la mila. Je, ni mila ipi iliyoagiza kwamba mkwe amtawaze baba mkwe? Mila ninazozijua mimi zimejenga ukuta baina yao. Anayeweka chuma chooni anazilinda mila hizo, na anayekataa anazivunja kila asubuhi. Mtoto kumwangalia mzazi wake ni baraka, nami simkatazi. Lakini mtoto ana kazi, mjukuu ana shule, na tumbo halisubiri mtu arudi.

Wa tatu atasema wenye shida hiyo ni wachache. Ahesabu vizuri. Awaweke wenye kiharusi, wenye magoti mabovu, waja wazito wa miezi ya mwisho, vijana waliovunjwa miguu na pikipiki, waliozaliwa na ulemavu, kisha ajiweke na yeye mwenyewe miaka ishirini ijayo. Hujafa hujaumbika, walisema wahenga, nasi tumeuimba usemi huo misibani bila kuupeleka kwa mafundi.

Wa nne, msimamizi wa taasisi, atasema hana fungu. Sitamcheka, maana fungu kweli huwa halitoshi. Lakini nilipomjibu hivyo yule mwanachuo, karakana ya chuo ilikuwa na mbao, na mwalimu wa sanaa za mikono alikuwa na wanachuo waliotafuta kitu cha kutengeneza kwa ajili ya mtihani. Nilichokosa hakikuwa fedha. Sikutaka tu kusumbuka kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kufundisha, siwezi kufunga bila somo lenyewe, na ni fupi. Anayenyanyuka kutoka mahali pa chini hutegemea misuli ya mapaja. Kadiri kiti kinavyokuwa chini, ndivyo mapaja yanavyodaiwa zaidi. Kwa hiyo kiti kiinuliwe. Wamarekani, ambao tangu mwaka 1990 wana sheria inayokataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, wameweka kipimo cha kiti kuwa kati ya sentimita 43 na 48 kutoka sakafuni, na chuma cha kushikia kati ya sentimita 84 na 91. Wewe mpime mzee wako: akikaa, nyayo zake zikanyage chini sawasawa. Chuma kiwe cha duara, kinene cha kujaa kiganjani, na kiachane na ukuta kiasi cha vidole kupita. Kisipigiliwe misumari kwenye ukuta wa udongo, kwani siku atakapokielemea kwa uzito wake wote kitang'oka, naye ataanguka nacho. Ukuta ukiwa dhaifu, simamisha bomba katika zege kutoka sakafuni. Aliyepooza upande mmoja awekewe chuma upande wa mkono wenye nguvu.

Jingine halimo katika vitabu vya wenzetu wanaotumia karatasi. Sisi tunatumia maji. Anayechamba anahitaji mkono mmoja wa kopo na mwingine wa kujawaza, na huyo tayari ameuacha ukuta. Basi viegemeo viwe pande zote mbili za kiti, ili mwili ukae imara mikono ikiwa kazini, na ndoo au bomba la maji liwe juu ya kigoda, si sakafuni ambako ataliinamia. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa. Na mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake hulala nyuma ya mlango, na wanaokuja kumwokoa hawawezi kuusukuma. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, mlango wenyewe uwe mpana wa kukipitisha, la sivyo hayo mengine yote ni mapambo.

Ni hayo tu. Hakuna lolote kati yake ambalo mwanafunzi wa darasa la saba hawezi kulielewa, wala fundi wa kijijini hawezi kulifanya. Kinachotushinda ni haya tuliyoiweka mahali pasipostahili. Tunaona haya kulitaja jambo hili kwenye vikao vya shule, mbele ya mkandarasi, mbele ya wazazi wetu wenyewe. Lakini hatuoni haya mtu anapotambaa kwa viganja kwenye mkojo wa wenzake, au anapojinyima maji mpaka mkojo unamuunguza, au anapoketi sebuleni kimya tangu asubuhi akimsubiri mjukuu atoke shule. Aibu hiyo si yake. Ni ya aliyejenga, ya aliyesaini, na ya aliyeambiwa akanyamaza.

Kwa wakuu wa shule na vyuo walioko kazini sasa nina ombi moja. Kesho asubuhi, kabla ya gwaride, kiendee choo cha taasisi yako na mguu mmoja umekunjwa. Jaribu kuingia, kukaa, kujitawaza na kutoka. Kisha rudi ofisini ukaandike bajeti.

Na kwa yule kijana wa mwaka 1991, ambaye leo kama yu hai naye amekwisha kuwa mtu mzima mwenye mvi: jalada lako siwezi tena kulifikia ili nilisahihishe, kwa hiyo nasahihisha hapa. Wewe hukuwa mtoro. Chuo changu kilikufukuza, na aliyesaini ni mimi.