Bunduki mpya haiwezi kuitwa mila

Kila mara tunapokutana kuzungumza juu ya uwindaji wa wazee wetu, kuna neno moja linarudi. Vijana wengine, na hata wakubwa wenye pesa kidogo, wanasema mila haikatai maendeleo. Mkuki ulikuwa wa zamani, sasa tutafute bunduki. Wanayo tayari picha ndani ya simu: ile bunduki mpya ya kuwindia, yenye komeo la kuvuta kwa mkono kila risasi. Na wamekwisha kupanga vitu vya kuongeza juu yake: lunete ya kuona mbali, kitako cha plastiki kisichovimba kwa mvua, kifyatulio chepesi, na kile kipande cha mdomoni cha kupunguza sauti. Mmoja alituambia mbele ya watu wote: "Ba papa, hii njo mukuki ya leo."

Sisi tunajibu hapa waziwazi: hapana. Hiyo si mkuki wa leo. Hatusemi hivyo kwa sababu tunaogopa vitu vipya. Simu ni mpya na tunaitumia. Tunasema hivyo kwa sababu mila ya uwindaji haikuwa chuma. Ilikuwa utaratibu wa watu, na bunduki hiyo, pamoja na kila kitu wanachotaka kuiongezea, inavunja utaratibu huo.

Tuanze na asili yake, maana wengi hawaijui. Bunduki ya komeo ilikujaje kwetu? Huko Ubelgiji, mwaka wa 1889, kiwanda cha FN kilianzishwa Herstal kwa kazi moja: kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa ajili ya jeshi la nchi ile. Huku Kongo, askari wa Force Publique walibeba kwanza bunduki za Albini, na baadaye hizo Mauser. Basi ilifika juu ya bega la askari. Haikufika juu ya bega la mwindaji.

Tena kuna jambo baya zaidi. Wakati wa Leopold II, katika sehemu za mpira, askari walidaiwa hesabu ya kila risasi. Kwa kila risasi iliyotumika, walitakiwa kuleta mkono wa mtu aliyeuawa. Kulikuwa na askari waliokwenda kuwinda nyama kwa risasi hizo, halafu wakakata mikono ya watu wazima, wangali hai, ili hesabu itimie. Hiyo ndiyo hadithi ya zamani ya risasi na nyama ya pori katika nchi yetu. Mtu asituambie leo kwamba ni urithi wa babu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme mtu ameinunua kwa njia ya haki, na kibali anacho mkononi. Bunduki mpya haiendi porini siku ile ile. Inatakiwa kusafisha mafuta ya kiwandani ndani ya mtutu. Inatakiwa kukaza skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako, na zile zinazoshika lunete, kila moja kwa nguvu inayotakiwa, maana moja ikilegea shabaha inahama. Lunete iwekwe mbali kidogo na jicho, la sivyo bunduki ikirudi nyuma inapasua nyusi. Kisha unapiga karatasi: kwanza kwa mita 25, halafu kwa mita 100. Unapiga risasi tatu, unaangalia zimeanguka wapi, unageuza vifungo vya lunete, unangoja mtutu upoe, unapiga tena tatu. Na uendelee na aina ile ile ya risasi, kwa sababu yenye uzito mwingine itapiga mahali pengine. Mtu mwangalifu anaweza kumaliza boksi zima la risasi 20 kabla hajaona mnyama hata mmoja.

Tunauliza: hizo 20 utazipigia wapi hapa Mushaki? Kabla ya ile ya tano, mama zetu watakuwa wamekwisha kufunga godoro na kubeba watoto, wameshika njia ya Sake. Hatufanyi mchezo. Desemba 2007 vita vilipita juu ya kilima hiki, jeshi likaingia, likatoka, na watu wakakimbia. Februari 2023 M23 waliingia Mushaki, na watu wakakimbia tena. Mtoto wa kwetu anajua sauti ya silaha kabla ya kujua kusoma. Mtu anayepiga risasi 20 ili kusawazisha lunete yake, hata kama karatasi yake haina kosa, amefukuza kijiji kizima.

Na yule mwenyewe, atapitaje barabarani? Zamani mtu akionekana na wavu begani na mbwa wawili nyuma, watu waliuliza: "Munaenda kuwinda wapi?" Leo mtu akionekana na bunduki ndefu yenye lunete, hakuna anayeuliza juu ya nyama. Wanauliza: "Huyu ni wa kundi gani?" Kwenye kizuizi cha kwanza bunduki itachukuliwa, na akiwa na bahati, atabaki na roho yake. Kisha bunduki ile itakuwa imeongeza moja kwa zile nyingi zinazotutesa.

Tuangalie na ardhi. Hapa Mushaki tuko kwenye milima ya majani, mashamba ya ng'ombe tangu wakati wa wakoloni. Msitu mkubwa ulikatwa. Mtu anaona mbali kweli, lakini anaona nini? Ng'ombe, wachungaji, wanawake wanaolima viazi. Risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia ikikosa mnyama inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu kabla ya kuanguka. Nyuma ya kila kilima chetu kuna nyumba.

Basi wanasema: "Tutaenda Walikale, kule kuko pori." Sawa. Lakini ndani ya msitu wa Walikale unaona hatua 20, pengine 30, kisha majani yanafunga. Lunete ya kukuza mara tisa itakuonyesha jani moja kubwa. Ndiyo maana wazee wa kule, Wanyanga na Wabatwa, hawakutafuta jicho la mbali. Walitafuta pua na masikio: wavu, mbwa, na watu wengi. Walijua msitu wao.

Hapa ndipo tunafika kwenye moyo wa neno letu. Mbwa wetu wa kuwinda hapigi kelele nyingi. Kwa hiyo wazee walimfunga kengele ya mti shingoni. Kengele ile iliwaambia wawindaji mbwa yuko wapi, iliwasukuma wanyama kuelekea wavu, na mtu aliyekuwa porini akitafuta kuni alisikia, akajua kuna watu wanawinda. Sasa linganisheni. Babu aliongeza sauti, mjukuu anatafuta chombo cha kuondoa sauti. Kwa nini mwindaji afiche sauti yake? Anamficha nani? Mwenye kuwinda kwa haki hana sababu ya kujificha kwa jirani zake.

Na nyama? Nyama ya wavu haikuwa ya mtu mmoja. Mwenye wavu alikuwa na sehemu yake, aliyepiga mkuki wa kwanza sehemu yake, mwenye mbwa yake, na wale waliosukuma wanyama nao hawakurudi mikono mitupu. Kulikuwa na wanyama ambao mtu hakuthubutu kula kimya kimya. Chui hakuwa wa aliyemwua, alipelekwa kwa mwami. Kulikuwa na miiko. Hata Mwindo, shujaa wa hadithi kubwa ya Wanyanga iliyochapishwa mwaka wa 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, hakuachiwa aue apendavyo. Alipomwua Kirimu, rafiki ya Nkuba mwenye radi, alipandishwa juu mbinguni, akaonjeshwa mateso, akarudi na katazo la kuua wanyama. Shujaa mwenyewe aliwekewa mpaka. Sisi ni nani?

Mwenye bunduki anakwenda peke yake. Anaua peke yake. Gharama ya risasi inamlazimisha auze, na anayeuziwa ni yule mwenye pesa. Tuliona hivyo Walikale baada ya 2002, wakati machimbo ya Bisie yalipovuta maelfu ya watu msituni. Nyama ya pori ikawa kitu cha sokoni. Matokeo yake ni nini? Mwaka wa 2016 gorila wa mashariki, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika sehemu yetu hii, aliandikwa kati ya wanyama walio karibu kabisa kumalizika.

Tunajua jibu la wenzetu, na ni jibu lenye uzito. Wanasema: "Nguruwe wa pori na nyani wanamaliza mahindi kule kando ya msitu. Munataka tukufe njaa juu ya mila?" Hapana, hatutaki. Mama aliyepoteza shamba kwa usiku mmoja ana haki ya kulia. Lakini nguruwe anakuja usiku, kwa kundi. Bunduki ya risasi moja moja, yenye lunete, gizani, katikati ya mashamba ya watu, ndiyo dawa mbaya kuliko zote. Kibanda cha kulinda, moto, ngoma, mbwa, na zamu ya majirani, hivyo vinasaidia, na vinagharimu usingizi tu. Kilichopotea si silaha. Kilichopotea ni ile zamu ya majirani.

Tena tusijisifu bure. Mitego ya waya tunayotega siku hizi si mila pia. Waya haulegei kama kamba ya mti. Unakamata mnyama yeyote, mkubwa na mdogo, na mwenye kutega akisahau, nyama inaoza pale pale. Anayekataa bunduki lakini anajaza msitu waya, huyo hatumpigii makofi.

Na sheria iko. Sheria ya uwindaji ya Mei 28, 1982 inataka ruhusa, na kuna wanyama inaowakataza kabisa. Ile ya silaha ya 1985 inataka kibali kwa kila bunduki. Ile ya kulinda mazingira ya asili ilitoka Februari 2014. Mtu akisema "ni mila" hajajibu hata moja kati ya hizo.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo matatu. Kwanza, neno "bunduki" litoke kabisa katika mipango ya chama ya kuonyesha uwindaji wa asili. Siku ya sikukuu tuonyeshe wavu, mkuki, mbwa na kengele yake. Pili, kabla wazee wachache waliobaki hawajaondoka, tuandike kwao namna ya kugawa nyama: nani alipata mguu, nani alipata mgongo, na kwa nini. Hayo hayauzwi dukani. Tatu, tuwafundishe watoto kusuka wavu, hata kama hawatakamata kitu, kwa sababu wavu hausukwi na mtu mmoja wala hausimamishwi na mtu mmoja.

Kijana wetu wa simu, hatukuchukii. Umesema bunduki inaweza kuongezewa vitu ili iwe bora. Tumesoma orodha yako yote. Kila kitu ulichoandika kinamsaidia mtu mmoja kuua kwa mbali, bila kusikika. Hatukuona hata kimoja kinachosaidia watu kumi kula pamoja. Siku utakayokiona, rudi utuambie, tutakaa tena barazani tukusikilize.