BWANA BORA-LIENDE

Katika Visiwa vyetu yuko mtumishi mmoja ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya mishahara, lakini hakuna idara asiyofanya kazi. Naye ni Bwana Bora-Liende. Tusimsingizie uvivu: asubuhi hufika, alasiri huondoka, na baina ya hapo hutenda nusu ya kila kitu. Ukuta huupaka rangi upande unaoelekea njia anayopita mgeni rasmi. Bomba linalovuja hulifunga kipande cha mpira, akaandika kwamba limetengenezwa. Barua ya mwananchi huijibu, ila hujibu swali ambalo hakuulizwa.

Hatujui alisomea wapi. Chuoni hakupita, kwa kuwa mwalimu wa Kurani hana neno "karibu sawa". Ukikosea irabu moja unarudi mwanzo wa aya, na bakora iko pale pale mkekani. Kwa mafundi wa majahazi pia hakupita. Fundi wa kalafati hushindilia pamba katika kila mwanya wa mbao kwa sababu anajua kuwa mkaguzi wake ni bahari, na bahari haisikilizi udhuru wala haipokei chai.

Yanayotuchekesha yana gharama yake. Waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Unguja ulitandikwa mwaka 1980. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika, kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa kiasi cha mwezi mmoja. Uliporudi tulishangilia, tukazima mishumaa, tukalala. Mwezi Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza lilidumu hadi Machi 2010. Mashine za kusukuma maji zilisimama, akina mama wakabeba ndoo, na aliyeuza jenereta akawa mtu wa heshima mjini. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013. Hitilafu ya mitambo yaweza kumpata yeyote, hilo tunalikubali. Lakini baina ya giza la kwanza na la pili tulikuwa na mwaka mmoja na nusu, na tunashuku sana ni bwana yupi aliyeachiwa faili.

Sisi wananchi nasi tunamlea. Kiti cha ofisini kikivunjika mguu twakiegemeza ukutani, na mgeni akija twamfundisha namna ya kukikalia!

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara jambo dogo. Kabla ya kutia saini karatasi isemayo kazi imekamilika, waende wenyewe mahali penyewe, wafungue bomba kwa mkono wao, wangoje maji yatoke. Yasipotoka, saini ibaki kalamuni, na Bwana Bora-Liende aitwe arudie aya yake tangu mwanzo.