"Mwozesheni, Atatulia": Maneno Yanayowaumiza Wari Wetu



Shaabani ikikaribia harusi huanza kupangana, na kuna maneno tumechoka kuyasikia kwenye vikao vya kina mama: "Mwozesheni, atatulia." Huambiwa mama mwenye binti aliyeugua akili mara moja au mbili, akatibiwa, akapata nafuu. Posa ikija wakati katulia, wakubwa huona hapo hapo. Haambiwi mshenga, haambiwi bwana, na vidonge hufichwa chini ya sanduku la nguo, vikibahatika kusafiri naye. Watu huita jambo hili sitara. Sisi tunaliita kumtupa mtoto.

Maradhi tunayoyasema hasa ni bipola. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi nayo. Mara nyingi huanza baina ya miaka ya mwisho ya shule na miaka ya ishirini na kitu, umri ule ule ambao posa huanza kubisha hodi. Mgonjwa hupanda na hushuka. Akipanda, hulala saa mbili na kuamka kama aliyelala kumi. Husema mbio, hushika mambo kumi kwa wakati mmoja, hutumia pesa za kikoba kununua madera yasiyo na mvaaji, na pengine huamini kuwa ameletewa ujumbe ambao watu wengine hawaujui. Wengine hupoteza haya waliyolelewa nayo, na hapo ndipo familia hufedheheka na kufunga milango. Hali hiyo huweza kwenda wiki nzima au zaidi. Akishuka, hana nguvu hata ya kuoga, chakula hakimpiti, sala zinampita akiwa kitandani, naye hujiona hana thamani kwa Mola wake wala kwa waja. Baadhi hufikia kutaka kujiua. Na baina ya kupanda na kushuka kuna miezi, pengine miaka, ambayo ni mzima kabisa: anacheka, anapika, anasoma, anafanya kazi.

Miezi hiyo ya uzima ndiyo inayotudanganya. Tukimwona mzima tunasema kapona, na posa inapokelewa.

Sasa tazameni tunavyomuandalia harusi mtu huyu. Madaktari wanajua vizuri kuwa kukosa usingizi ni miongoni mwa vitu vinavyomrusha mgonjwa wa bipola juu haraka kabisa. Sisi tunamkesha. Usiku wa hina, usiku wa maulidi, usiku wa kupambwa, wageni kutoka Pemba na Dar wamejaa chumbani, simu haizimwi, wifi anataka picha, na alfajiri anaamshwa kusingwa. Juu ya hayo, wiki hiyo hiyo ndiyo anayokatazwa dawa, asije akaonekana anameza vidonge. Kisha siku ya tatu ya fungate anapoanza kusema peke yake na kutoka nje usiku, tunauliza nani kamroga! Hakurogwa. Kanyimwa usingizi na dawa kwa wakati mmoja, na waliomnyima ndio wanaompenda.

Tunajua jibu litakalokuja: ni pepo, ni hasadi, asomewe. Asomewe, nani amekataza? Sisi ni watu wa Qur'ani, na kombe na ruqya havigombani na kidonge. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Na Waislamu hawakungoja Wazungu kuwaambia kuwa moyo na akili huugua kama mwili. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na ya nafsi, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila ya sababu anayoijua. Anayemwambia binti aache dawa ili kisomo kifanye kazi hakulitoa hilo kwenye dini.

Dawa yenyewe kongwe ni lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alitangaza kazi yake mwaka 1949. Huzuia kupanda na kushuka, na hupunguza hatari ya kujiua, lakini inataka adabu. Damu hupimwa, na figo na tezi ya shingo hutazamwa. Mwili ukikaukiwa maji, kiwango chake huweza kupanda hadi kikawa sumu, na ibuprofeni au diklofenaki tunazomeza ovyo kwa maumivu ya tumbo la mwezi huweza kukipandisha pia. Mikono ikitetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito, hizo ni dalili za kukimbilia hospitali. Ndiyo maana Ramadhani lazima aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Akiambiwa asifunge, ruhusa ya mgonjwa iko kwenye Suratul Baqara, hakuipewa na jirani wala jirani hawezi kumnyang'anya. Na dawa haiachwi ghafla, hata akijihisi mzima, kwa sababu maradhi huweza kurudi kwa kishindo.

Kuna jingine ambalo kila bibi harusi lazima alijue kabla ya nikaha, si baada. Dawa iitwayo valproeti, inayotumika kwa bipola na kwa kifafa, ni hatari kwa mimba: takriban mtoto 1 katika 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na watoto 3 mpaka 4 katika 10 hupata matatizo ya makuzi ya akili. Mwanamke anayeitumia asiiache mwenyewe. Aende kwa daktari mapema, aseme "naolewa", ili abadilishiwe au apangiwe. Na baada ya kuzaa, takriban mmoja kati ya watano wenye bipola iliyo kali huugua vibaya, mara nyingi katika wiki za mwanzo. Arobaini yetu ingeweza kumfaa sana, kama bibi wangelea mtoto usiku na mzazi akalala. Lakini watamlindaje kwa kitu walichofichwa?

Kwenye kuficha ndiko tunakogombana na wengi. Wanasema kumtaja mtu maradhi yake ni kusengenya. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), naye akamweleza wazi kuwa mmoja ni masikini na mwengine ni mkali kwa wanawake, kisha akamshauri Usama. Nasaha ya ndoa si usengenyaji. Tena wanavyuoni wa madhhabu yetu ya Shafi wamehesabu wazimu, hata ule unaokuja na kuondoka, miongoni mwa aibu zinazompa mwenzake hiari ya kuvunja ndoa. Kama bipola ya fulani inaingia humo au haiingii, hilo ni la kadhi na daktari. Lakini mama anayeficha ili ndoa isivunjike ajue kuwa kuficha kwenyewe ndiko kunakoivunja. Bwana aliyeambiwa kabla, akakubali, huwa mlinzi. Aliyegundua kwa kuokota kidonge hujiona kauziwa kitu kibovu, na binti hurudishwa kwao na sanduku lake mtaa mzima ukitazama.

Si lazima kuutangazia mji. Anaambiwa mposaji, tena mapema, kabla ya mahari kupokelewa, na binti mwenyewe ndiye wa kukubali nani aambiwe na nani aseme. Akikataa, na akatae. Bora akatae barazani kuliko fungateni.

Na nyinyi mavyaa mnaosoma huku mkitikisa kichwa, mbona mtoto wenu wa kiume akiugua hivi hivi mnamtafutia mke "wa kumtunza", wala hamsemi neno? Mtoto wa watu anaingia ndani akidhani kaolewa, kumbe kaajiriwa uuguzi bila ya mshahara. Kijana naye husema kabla ya nikaha, tena yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Msimu huu tunawaomba masomo jambo moja. Mwari mwenye maradhi haya, na akiwa radhi mjue, dawa zake zikae kwenu, mhesabu kidonge cha kila siku kama mnavyohesabu pishi za mchele. Singo ianze saa tatu asubuhi, si alfajiri. Hina imalizwe baada ya laasiri. Ikifika saa nne ya usiku mlango ufungwe, simu ikae kwenu, na wifi mwenye kutaka picha aambiwe arudi kesho.