Turunevisi ya Safari: Usihesabu Ncha, Angalia Visi



Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu kidogo chenye kuingia ndani ya kiganja: turunevisi fupi yenye ncha nyingi za kubadilisha. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita bisibisi. Mtu atauliza: juu ya nini kujaza ukurasa na kitu kama hicho? Jibu liko njiani.

Hapa Kisangani, zamani tulitegemea sana toleka, ile baisikeli yenye kubeba watu. Miaka ya vita, toleka ndiyo ilikuwa miguu ya mji. Ikiharibika, ufunguo mmoja na pompu vilitosha. Siku hizi pikipiki ndiyo inabeba watu na mizigo, tena inakwenda mbali: Bafwasende na machimbo yake, Lubutu, na kule Ubundu, ambako reli ya mwaka 1906 ilijengwa ili kuzunguka maporomoko ya mto. Ukikwama katikati ya pori, fundi wa Makiso haiko karibu. Fundi ni wewe mwenyewe.

Tuseme kijana amebeba mama mgonjwa, anamleta mjini. Maji yameingia kwenye kabureta, motere inazima. Kazi si ngumu: kufunga bomba la esansi, kufungua bakuli la kabureta, kupanguza, kurudisha. Ni kazi ya dakika chache. Lakini ncha ya turunevisi haikai sawasawa. Inateleza mara ya kwanza, mara ya pili, na kichwa cha visi kinakuwa tundu la mviringo. Sasa hata turunevisi nzuri haiwezi tena kukifungua. Kazi ndogo imegeuka kusukuma pikipiki mpaka usiku, na mgonjwa anangojea kando ya njia.

Kwa hiyo, neno letu la leo ni moja: usinunue turunevisi kwa kuhesabu ncha zake. Nunua kwa kuangalia visi za pikipiki yako.

Anza nyumbani, si sokoni. Zunguka pikipiki yako na kuangalia kila visi: bakuli la kabureta, kifuniko cha mafuta ya freni, taa ya mbele, taa za kugeuka, vichwa vya batri, vifuniko vya pembeni. Nyingi utakuta ni za msalaba, na nyingi kati ya hizo ni za namba 2. Visi ya kurekebisha hewa ya kabureta, mara nyingi, inataka ncha bapa nyembamba. Ukimaliza kuhesabu, utaona pikipiki nyingi zetu zinaomba ncha nne ao tano tu: msalaba namba 1, 2 na 3, bapa ndogo na bapa kubwa. Sanduku la ncha 30 linabeba ncha 25 ambazo hutazigusa hata siku moja.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawajaambiwa. Misalaba yote si sawa. Ule wa kawaida unaitwa Phillips, kwa jina la Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hati zake za uvumbuzi mwaka 1936. Wajapani walifuata kipimo chao, kinachoitwa JIS. Kwa macho inafanana, lakini ncha ya Phillips haiingii mpaka chini ndani ya visi ya Kijapani; inapanda juu na kukwangua. Visi za JIS mara nyingi zina nukta ndogo moja juu ya kichwa. Hilo linatuhusu, kwa sababu pikipiki nyingi za Uchina zimeiga motere ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, na unaweza kukuta humo visi za namna zote mbili. Ncha ya JIS inafanya kazi vizuri pia katika visi nyingi za Phillips. Ukipata moja ya namba 2, usiiache.

Sasa twende sokoni. Beba mfukoni visi mbili tatu za pikipiki yako, ao ipeleke pikipiki yenyewe. Simika ncha juu ya visi na kuitikisa polepole. Ikicheza, iache. Ikikaa imara kama jino ndani ya ufizi, endelea. Kisha angalia ncha ndani ya mpini: isilegee. Sumaku ni nzuri, inashika visi isianguke ndani ya matope, lakini peke yake haitoshi kushika ncha. Maandishi «Cr-V» ao «S2» yanaonyesha aina ya chuma, lakini kuandika ni rahisi kuliko kutengeneza. Omba muuzaji ruhusa ya kukaza visi moja kwa nguvu. Ncha ikijipinda ao kingo zake zikilika, mrudishie na umwambie aksanti.

Angalia pia shina la ncha. La kawaida lina pembe sita na upana wa milimita 6,35. Ukinunua ya kipimo hicho, siku moja ncha ikipotea utapata nyingine bila kununua turunevisi nzima.

Turunevisi fupi ina faida na ina kasoro. Inaingia vizuri mahali pembamba, kama kati ya kabureta na motere. Lakini mpini mfupi unanyima mkono nguvu, na kichwa kinene hakishuki ndani ya tundu refu. Kwa hiyo chagua mpini wa kujaza kiganja, na uongeze ncha moja ndefu ya milimita 50 hivi. Tena usidanganyike: turunevisi haikamati nafasi ya funguo za 8, 10, 12 na 14, wala ufunguo wa buji.

Namna ya kutumia nayo ni nusu ya dawa. Toa kwanza udongo ndani ya msalaba kwa msumari. Simika ncha wima. Sukuma kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Nguvu ya kusukuma ipite ile ya kuzungusha. Visi ikikataa, tia tone la mafuta, gonga kichwa chake kidogo, ngoja, kisha jaribu tena. Ikiteleza mara moja, simama! Badilisha ncha. Usiendelee kwa hasira, maana hasira ndiyo inakula visi.

Na kutunza? Mvua yetu ya pori haina huruma. Panguza ncha, zifunge ndani ya kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha ndani ya kipande cha mpira wa baisikeli kilichofungwa pande mbili. Hivi hazitatawanyika kwa mitetemo ya njia.

Mama, wewe mwenye kushika feza za nyumba, usikatae mara moja mtoto akitaka turunevisi ya bei kidogo juu. Muulize tu: «Umeijaribu kwenye visi zetu?» Akijibu ndiyo, mpe. Na wewe kijana, kabla ya safari ijayo, fungua na kufunga kila visi mara moja nyumbani, kwenye mwanga, bila haraka. Ile yenye kukataa hapo nyumbani ndiyo itakataa kule porini. Afazali uijue leo.